Zoezi la Nyakati, Barabara ya Sita

Jumatatu na Alhamisi, baada ya alasiri,
napanda ngazi za Bi Shagufta, daftari kwapani,
ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Mumewe fundi mitambo, kiwanda cha kamba za mkonge.
Alimleta Tanga kutoka Multan
na masanduku matatu na cherehani.
Mtihani wa Kiingereza ni Novemba.
Akifaulu, atapata ruhusa ya kwenda kwa mwanawe, Leeds,
kumpakata mjukuu anayemsikia akilia kwenye simu.

Kiurdu sikijui. Kiswahili chake ni cha sokoni:
nazi, bei gani, punguza.
Tukaanza na vilivyo vyetu sote:
kitabu, kalamu, sabuni, dunia, habari, hesabu.
Kila neno akaligongea meza kwa kidole,
akacheka: kumbe nimeshuka uwanja wa ndege
na nusu ya mji wenu mdomoni!
Kiingereza kikatukuta tumekaa kama mawifi.

Halafu kile kijineno, "the".
Kwao hakipo. Kwetu hakipo.
Nilikifundisha kama mtu anayeelekeza nyumba
ambayo mwenyewe aliingilia dirishani.
"Mwezi unacho. Jua linacho. Mungu hana."
"Kwa nini Mungu hana?"
Nikasema tufungue ukurasa wa kumi na nne.

Kiti kwake ni cha kike, mlango ni wa kiume,
na aliwahurumia Waingereza
walioishi na vyombo vyao miaka yote hii
bila kuuliza nani ni nani.
Stesheni aliita istesheni.
Sikumsahihisha upesi. Bibi yangu Korogwe
aliliita hivyohivyo, na treni alipanda.

Lakini hasa lilikuwa "kal".
Alinieleza kwa mikono:
kushoto, nyuma ya bega, jana, kal;
kulia, mbele ya uso, kesho, kal.
Juzi ni parson. Kesho kutwa ni parson.
Katikati amesimama mtu na leo yake.
Mimi wa watu wenye mtondo na mtondogoo,
tunaozihesabia siku majina kabla hazijafika,
niliuona huu ni uvivu wa lugha.
Nikamchorea jedwali, mistari kwa rula,
akalibandika kwenye friji.

Alhamisi moja nikamwambia atunge sentensi kumi.
Ya saba, kwa Kiingereza chake, ilisema:
Kesho mama yangu alikufa.
Nikachukua kalamu nyekundu.
Nikaikata kesho,
nikaandika jana juu yake, mwandiko safi,
nikatia vema pembeni.
Kitenzi, nikamsifu, umekipatia.

Kimya.
Cherehani imefunikwa shuka.
Chai haijaletwa, naye hajawahi kuninyima chai.
Ndipo nikaisoma ile sentensi.

Nikasema "sorry".
Akanitazama: "Wewe umefanya nini?"
Kweli. Kiingereza hakina pole;
kina kuomba radhi tu,
kama vile sote tumekutwa na kisu.
Nikasema makiwa, neno asilolijua.
Akasema sabr.
Nikasema subira.
Tukakaa hapo, mpaka fundi aliporudi
akawasha taa bila kuvua viatu.

Novemba alifaulu, kwa alama mbili.
Masanduku yakashuka ngazi, cherehani ikabaki kwangu
pamoja na daftari, kwa kuwa uzito ulizidi.
Nimelifungua leo nikitafuta kurasa tupu za mwanafunzi mpya.
Ya saba ipo. Wino wangu mwekundu upo, na ile vema.
Juu ya jana yangu kuna penseli, herufi mbili
zinazoanzia kulia. Kafu. Lamu.
Hizo nilifundishwa chuoni nikiwa na miaka sita.

Penseli inafutika.
Nimeliacha.